Ruhusa ya mzazi kwa mtoto kutumia intaneti shuleni Marekani: maswali ambayo wazazi wetu huuliza kila mwaka

Kila Agosti shule zikifunguliwa, watoto hurudi nyumbani na bahasha nene. Ndani yake mna fomu ya chakula, fomu ya basi, fomu ya dharura, na karatasi za intaneti ambazo wazazi wengi huzisaini za mwisho, wakiwa wamechoka, usiku, juu ya meza ya jikoni. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika shule za umma hapa Marekani. Wazazi ninaokaa nao wengi wametoka Kivu na Katanga, wakapitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. Wengine ni Watanzania na Wakenya waliokuja kwa masomo au kazi. Maswali yao kuhusu karatasi hizo hufanana, na hapa nayajibu kama ninavyoyajibu tukiwa tumekaa pamoja.

Mimi si wakili. Sheria ninazozitaja ni za serikali kuu. Kila jimbo na kila wilaya ya shule huongeza zake, kwa hiyo soma jibu langu huku fomu yako ikiwa mkononi.

Hii fomu ni ya nini hasa?

Juu yake kwa kawaida pameandikwa "Acceptable Use Policy" au "Responsible Use Agreement". Ni mambo mawili yaliyoshonwa pamoja. La kwanza ni kanuni ambazo mtoto anaahidi kuzifuata: asimtukane mwenzake, asitoe nenosiri lake, asiingie kwenye akaunti ya mtu, asijaribu kukwepa kizuizi cha shule. La pili ni ruhusa yako wewe mzazi: kwamba mtoto atumie mtandao wa shule, apewe akaunti ya barua pepe, na mara nyingi achukue kompyuta kwenda nayo nyumbani. Ndiyo maana mwishoni kuna mistari miwili ya sahihi, mmoja wake na mmoja wako.

Kama umepewa fomu ya Kiswahili, isome kwa uangalifu, kwa sababu nyingi zimetafsiriwa na mashine bila mtu kuzipitia. Karibu kila fomu ina sentensi inayosema kutumia mtandao ni ruhusa ambayo shule inaweza kuiondoa, si haki ya mwanafunzi. Mashine huandika: "Matumizi ya mtandao ni upendeleo." Mama mmoja kutoka Uvira aliisoma sentensi hiyo mbele yangu, akaiweka fomu chini, akauliza: "Dada, hapa wanampendelea nani? Na wangu ataachwa?" Hakuwa amekosea kusoma, walioandika ndio waliokosea. Fomu ya Kiswahili isipoeleweka, omba isomwe kutoka kwenye ile ya Kiingereza na mtu anayezijua lugha zote mbili.

Ni sheria ya Marekani inayonilazimisha kusaini?

Hapana, na hili huwashangaza wengi. Sheria kubwa inayohusika inaitwa CIPA, ya kuwalinda watoto kwenye intaneti, iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 2000. Haimgusi mzazi, inaigusa shule. Shule nyingi hulipia intaneti kwa punguzo la mpango wa serikali kuu uitwao E-Rate, na punguzo hilo huanzia asilimia 20 hadi kufikia 90 kwa shule za maeneo maskini. Shule ikitaka punguzo hilo, CIPA inaidai iwe na sera ya usalama wa mtandao, iweke kichujio cha kuzuia picha chafu, na isimamie watoto wanapokuwa mtandaoni. Kabla ya kupitisha sera hiyo, inapaswa kuwatangazia watu na kufanya angalau mkutano mmoja wa hadhara.

Mwaka 2008 Bunge likaongeza wajibu mwingine: shule ziwafundishe watoto mwenendo mwema mtandaoni, pamoja na namna ya kutambua uonevu wa mtandaoni na la kufanya ukitokea. Una haki kabisa ya kumwuliza mwalimu somo hilo linafundishwa lini.

Sahihi ya mzazi haimo katika CIPA. Inadaiwa na wilaya ya shule yenyewe, au na sheria ya jimbo. Kwa hiyo masharti ya fomu hutofautiana, na fomu ya shemeji yako aliye Texas haiwezi kukuambia iliyomo katika yako.

Nisiposaini, mwanangu atafukuzwa shule?

Hafukuzwi. Nafasi yake ya kusoma haitegemei fomu hii.

Lakini nisikufiche: kukataa kabisa kuna gharama. Kazi za darasani ziko kwenye kompyuta, na mitihani ya majimbo mengi vilevile. Hata mtihani wa Kiingereza wa WIDA, ambao watoto wetu wengi huufanya kila mwaka mpaka waonekane wameiweza lugha, kwa sehemu kubwa unafanywa kwenye kompyuta. Mzazi akikataa, shule humtafutia mtoto kazi za karatasi, na walimu wengine hufanya hivyo kwa moyo, wengine kwa shingo upande. Nimeona watoto wakikaa peke yao na karatasi huku wenzao wakifanya mradi kwa pamoja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuuliza kabla ya kukataa. Mara nyingi kinachomsumbua mzazi ni kipengele kimoja tu: picha, au kompyuta kuja nyumbani, au YouTube. Kipengele kimoja kinaweza kukataliwa mengine yakabaki. Wilaya nyingi zina visanduku tofauti kwa kila ruhusa. Zisizo navyo, andika barua fupi ukaiambatishe.

Tena angalia fomu yako imejengwaje. Nyingine zinasema mtoto hataingia mtandaoni mpaka usaini. Nyingine zinasema kinyume: usipoandika kwamba umekataa, umekubali. Kwa fomu ya namna hii ya pili, kuiacha mezani bila kuigusa ni sawa na kusaini.

Mwanangu anajua Kiingereza kuliko mimi. Kwa nini asinisomee yeye?

Kwa sababu fomu inamhusu yeye. Huwezi kumwomba mtu akusomee mkataba ambao yeye mwenyewe ni upande mmoja wake.

Mwaka juzi baba mmoja alikuja na fomu aliyokwisha kuisaini. Nikamwuliza inasema nini. Akajibu kuwa mwanawe wa darasa la 6 alimwambia ni karatasi ya kupewa kompyuta. Ilikuwa kweli, lakini nusu. Nikamsomea kipengele kinachosema familia italipa kompyuta ikivunjwa kwa uzembe. Nikamsomea kingine kinachosema shule inaweza kufungua na kusoma chochote kilichoandikwa kwenye akaunti ya mtoto. Baba akanyamaza, akageuka kumtazama kijana wake. Kijana alikuwa anakaribia kulia. Hakuwa amedanganya, maneno ya Kiingereza ya dhamana na malipo hakuwahi kuyasikia, akayaruka. Mtoto wa miaka 11 alibebeshwa mzigo wa mtu mzima, na sisi watu wazima tulikuwepo.

Omba mkalimani. Ni bure kwako. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza yeyote anayepokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, iliamua kwamba shule isiyowasaidia wasiojua Kiingereza inaivunja sheria hiyo. Huna haja ya kuitaja sheria kwenye dirisha la ofisi ya shule. Sema tu: "Swahili interpreter, please." Kama hakuna mtu wa Kiswahili shuleni, wilaya nyingi zina huduma ya mkalimani kwa simu. Kama Kiswahili si lugha yako ya kwanza na unakielewa kwa taabu, sema ni Kibembe, Kinyamulenge, Kifuliiru au Kirundi unachotaka. Nimewaona wazazi wakitikisa kichwa kwa adabu mbele yangu kumbe wamenielewa nusu. Usinionee haya. Nitampigia mwenzangu.

Sikuona karatasi yoyote. Walisema niandikishe mtoto mtandaoni. Je, nimesaini?

Huenda umesaini. Siku hizi wilaya nyingi huandikisha kwa tovuti, na ruhusa ya intaneti ni kisanduku kimoja kati ya vingi. Ukibofya, umekubali.

Na hapa kuna jambo ambalo ningependa kila nyumba ilifanyie kazi leo jioni. Katika familia nyingi, aliyefungua barua pepe ya mzazi ni mtoto. Nenosiri la tovuti ya wazazi analo mtoto. Taarifa za utoro, alama na ruhusa zote zinafika kwenye simu ya mtoto, na yeye ndiye anayebofya "nakubali" kwa jina la mama. Sisemi watoto wetu ni wabaya. Nasema mlango wa mzazi umekabidhiwa mtu mwingine. Nenda ofisi ya shule na kitambulisho chako, waambie unataka nenosiri jipya na namba yako mwenyewe ya simu iandikwe. Ni kazi ya dakika chache. Ukiwa hapo, waombe wakuchapishie ruhusa zote zilizokwisha kutolewa kwa jina lako, uzione.

Kichujio cha shule kinazuia kila kitu kibaya?

Hakizuii kila kitu. CIPA inadai kizuie picha: za uchafu, za kuwadhalilisha watoto kingono, na zinazodhuru watoto walio chini ya miaka 17. Maneno hayamo katika sharti hilo, ingawa shule nyingi huongeza zenyewe michezo, mitandao ya kijamii na mengineyo.

Kwa watoto wa darasa la 5 kwenda juu, shida kubwa ninayoiona si picha. Ni maongezi. Shule inafunga mitandao ya kijamii, watoto wanafungua waraka mmoja wa Google Docs, wanaalikana humo, na kuandikiana mstari kwa mstari kama wako kwenye WhatsApp. Mwalimu akipita, anaona watoto wanaandika insha. Humo ndimo matusi hupita, na humo ndimo nimeona msichana wetu akichekwa kwa lafudhi yake na kwa rangi ya ngozi yake, wiki nzima, bila kelele yoyote darasani. Mwulize mwanao nani wamo katika nyaraka anazoshiriki. Mwambie akuonyeshe, akae karibu nawe, asikukabidhi tu kompyuta.

Shule inaona anachofanya mtoto hata akiwa nyumbani?

Kwenye kompyuta ya shule au akaunti ya shule, chukulia kuwa ndiyo. CIPA yenyewe haidai matumizi ya mtandao yafuatiliwe hatua kwa hatua, inadai usimamizi. Lakini wilaya nyingi zimenunua programu zinazosoma anachotafuta mtoto, anachoandika na anachotuma, mchana na usiku, na kumpelekea mtu taarifa zikikutana na maneno ya kujiua, silaha au kuua. Fomu yako huwa na mstari unaosema mtoto asitarajie faragha kwenye vifaa vya shule. Maana ya mstari huo ni hii.

Programu hizi zimewahi kumfikia mtoto aliyekuwa anafikiria kujidhuru kabla hajafanya lolote, na nisingependa kulidharau hilo. Ila mashine haijui tulikotoka. Msichana mmoja wa darasa la 8 alipewa kazi ya kuandika kuhusu mtu wa familia anayemheshimu. Akaandika kuhusu babu yake, jinsi watu wenye bunduki walivyoingia kijijini usiku, walivyomuua, na jinsi bibi alivyowaficha watoto kwenye shamba la mihogo. Aliandika vizuri, kwa Kiingereza alichojifunza kwa miaka miwili. Saa nne usiku simu ya baba ikalia. Sauti ya Kiingereza inataja jina la binti, inataja bunduki, inauliza kama yuko salama na kama nyumbani kuna silaha. Yule baba aliitoroka nyumba yake mara mbili usiku kwa sababu ya watu waliouliza maswali ya namna hiyo. Aliwaamsha watoto wote, akawavika viatu.

Kesho yake nilikaa nao shuleni. Waliopiga simu walikuwa na nia njema, na waliomba radhi. Lakini hakuna aliyekuwa amemwambia yule baba, aliposaini Agosti, kwamba simu kama hiyo inaweza kuja. Kwa hiyo nakuambia wewe: inaweza kuja. Muulize mkuu wa shule mambo haya kabla ya kusaini: ni programu gani inatumika, nani anapokea taarifa zake, je, polisi huitwa, na je, simu ikipigwa nyumbani usiku mkalimani atakuwepo? Hilo la mwisho sisitiza liandikwe kwenye faili la mtoto.

Na kamera je? Wanaweza kutuona ndani ya nyumba?

Mwaka 2010, katika wilaya ya shule ya Lower Merion, Pennsylvania, iligundulika kuwa programu iliyowekwa ili kutafuta kompyuta zilizopotea ilikuwa imepiga makumi ya maelfu ya picha, zikiwemo za wanafunzi wakiwa majumbani mwao. Wazazi hawakuwa wamearifiwa kwamba jambo hilo linawezekana. Wilaya ilikubali kulipa dola 610,000 kumaliza kesi. Tangu hapo shule nyingi zimekuwa waangalifu na nyingi huandika wazi kwamba hazifungui kamera kwa mbali. Tafuta sentensi hiyo kwenye fomu. Kama haimo, iulizie. Na kompyuta isilale chumbani kwa mtoto. Ilale sebuleni, imefungwa, ikichajiwa mahali ambapo wewe unapita.

Mwanangu ana miaka 9. Programu za kujifunzia zinachukua habari zake kwa ruhusa ya nani?

Sheria inaitwa COPPA, ya mwaka 1998. Inasema kampuni isichukue taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13 mtandaoni bila ruhusa ya mzazi inayothibitika. Ila Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, inakubali shule itoe ruhusa hiyo kwa niaba ya mzazi, mradi taarifa zitumike kwa masomo tu na si kwa biashara. Kwa maneno mengine, programu ya hesabu inaweza kuwa na jina la mwanao bila wewe kuulizwa moja kwa moja.

Kampuni zinazovuka mpaka huo hukamatwa. Mwaka 2023 FTC iliishtaki Edmodo, jukwaa lililotumiwa na shule nyingi, kwa kutumia taarifa za watoto katika matangazo na kuwatwika walimu kazi ya kuomba ruhusa. Ikatozwa dola milioni 6.

Omba orodha ya programu zilizoidhinishwa na wilaya. Mara nyingi iko kwenye tovuti yao. Na kama mwalimu anamtaka mtoto ajiandikishe mahali kwa barua pepe yako ya nyumbani au tarehe ya kuzaliwa ya uongo ili aonekane ana miaka 13, kataa, na mweleze mkuu wa shule. Google nayo inazitaka shule zipate idhini ya mzazi kabla mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 hajatumia akaunti ya shule kwenye huduma za ziada kama YouTube. Kama hukumbuki kutoa idhini hiyo, uliza ilitolewa lini.

Kusaini fomu ya intaneti ni kuruhusu picha za mtoto ziwekwe mtandaoni?

Haipaswi kuwa hivyo, lakini soma, kwa sababu wengine huzichanganya. Chini ya sheria ya FERPA ya mwaka 1974, inayolinda kumbukumbu za wanafunzi, kuna taarifa ambazo shule inaweza kuzitoa bila kukuuliza kila mara: jina, anwani, simu, picha, timu ya michezo. Shule lazima ikuarifu ni zipi na ikupe muda wa kukataa. Kukataa ni kujaza karatasi nyingine, mwanzoni mwa mwaka. Wazazi wenye ndugu walioachwa mahali pa hatari, au waliokimbia mtu fulani kwa jina, wasiache kuijaza.

Wakenya wanaonisoma watakumbuka kwamba nyumbani nako jambo hili limekuwa zito. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Kompyuta ikivunjika nitalipa?

Inategemea fomu, na kipengele hiki kisome mara mbili. Wilaya nyingine husamehe ajali ya kwanza, nyingine zina bima ya ada ndogo ya mwaka, nyingine hutoza bei ya kioo au ya kompyuta nzima. Kama una kipato kidogo, uliza kama ada ya bima inafutwa kwa wanaopata chakula cha bure. Mara nyingi inafutwa lakini lazima uombe.

Vioo vingi ninavyoviona vimevunjika kwa njia moja: mtoto anaacha kalamu au spika za masikioni juu ya vitufe, anafunga kompyuta, kioo kinapasuka kikikandamizwa. Mfundishe kupitisha kiganja juu ya vitufe kabla ya kufunga. Na siku unayopokea kompyuta ipige picha kwa simu yako, juu, chini na kioo kikiwa kimewaka, ili usije kulipia mkwaruzo wa mwanafunzi wa mwaka jana.

Habari zetu zitapelekwa uhamiaji?

Fomu ya intaneti haiulizi hadhi yako ya uhamiaji, wala haihitaji namba ya Social Security. Ikiuliza, usijaze, na tafuta msaada. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler, kwamba mtoto hanyimwi shule ya umma kwa sababu hana makaratasi. FERPA nayo inazuia shule kutoa kumbukumbu za mtoto bila idhini yako, isipokuwa katika hali zilizotajwa kisheria, kama amri ya mahakama. Zile taarifa za majina na anwani nilizozitaja juu ndizo zenye mlango mpana zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kujaza ile karatasi ya kukataa.

Lakini mwambie mtoto asiandike safari ya familia yenu, hati zenu wala kesi yenu kwenye barua pepe ya shule. Si kwamba ni siri ya aibu. Ni kwamba hilo si daftari lake.

Wanatumia akili mnemba darasani. Hilo nalo nimelikubali?

Fomu za zamani hazilitaji. Uliza kama kuna kanuni mpya, mtoto wa umri gani anaruhusiwa, na kama akituhumiwa kwamba insha yake imeandikwa na mashine atasikilizwa vipi. Watoto wanaojifunza Kiingereza huandika sentensi fupi na za kawaida, na programu za kubaini maandishi ya mashine huwashuku bure. Mwambie mwanao ahifadhi rasimu zake. Google Docs huzihifadhi zenyewe kwenye historia ya waraka.

Mtoto akifikisha miaka 18?

Haki za FERPA zinahamia kwake, hata akiwa bado anakaa kwako na anakula kwako. Fomu atasaini mwenyewe.

Shule imemzuia asitumie kompyuta. Nifanye nini?

Omba kikao, na mkalimani awepo. Uliza alifanya nini hasa, lini, na uwaombe wakuonyeshe walichokiona. Watoto wengi wa umri wa kati huzuiwa kwa kutumia VPN kukwepa kichujio ili wacheze michezo. Ni kosa, lakini si wizi. Mara nyingine nenosiri lilitolewa kwa rafiki, na rafiki ndiye aliyetenda. Una haki ya kuona kumbukumbu za mtoto wako. Chini ya FERPA shule inapaswa kukuonyesha ndani ya siku 45 tangu uombe. Uliza pia adhabu inaisha tarehe gani na masomo atayapataje wakati huo. Adhabu isiyo na tarehe ya kuisha usiikubali kimya.

Nimeshasaini bila kuelewa. Naweza kurudi nyuma?

Unaweza. Ruhusa ni yako, na wilaya nyingi hupokea mabadiliko wakati wowote wa mwaka. Andika barua, hata kwa Kiswahili. Kuitafsiri ni kazi yao. Nyingi ninazozipokea ni fupi kama hii:

"Mimi ni mzazi wa (jina la mtoto), darasa la 4. Nilisaini fomu ya intaneti mwezi Agosti bila mkalimani. Ninakubali atumie kompyuta darasani. Sikubali picha yake iwekwe mtandaoni. Kompyuta kuja nyumbani, naomba kwanza nielezwe gharama. Naomba mkalimani wa Kiswahili."

Weka tarehe, weka namba yako ya simu, ipige picha kabla ya kuitoa. Ikabidhi dirishani mwenyewe, si kwenye begi la mtoto, na umwombe karani agonge muhuri wa siku ile kwenye nakala yako.